Homa Isiyo na Mdudu

Chai bila sukari, maandazi mawili yenye sukari. Ndivyo Mzee wa Darubini alivyoianza asubuhi miaka yote niliyomuuzia. Kibanda changu kilikuwa nje ya geti la hospitali pale Kasulu, mabati machache na benchi moja refu, na yeye alifika kabla wagonjwa hawajaanza kupanga foleni. Alikaa upande wa ukuta, miguu ameinyoosha, koti jeupe amelikunja mapajani ili lisichafuke.

"Si nikutilie sukari kwenye chai, maandazi niyaache makavu?" nilimwambia siku moja.

"Mtangazaji, usinipangie maisha."

Mtangazaji ndiye mimi. Nilimaliza darasa la saba nikabaki hapo hapo, lakini nilikuwa na ndoto yangu, kusoma taarifa ya habari redioni, na sikuona sababu ya kusubiri redio inifuate. Nilikuwa nakanda unga huku natangaza: hapa ni Kasulu, ni saa moja kamili asubuhi, mvua imenyesha Rungwe Mpya na barabara haipitiki. Wateja wote walinicheka. Yeye alinisahihisha. "Unakimbia mno. Anayekusikiliza ana jembe mkononi. Mpe nafasi alishushe."

Jina lake nalijua, lakini mji mzima haukulitumia, na mimi sitalitumia. Alikozaliwa sikuwahi kumuuliza. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyeletwa kutoka mbali, kama walivyoletwa walimu na mabwana shamba, na sisi huku mtu wa kuja hatumchimbi sana, tunamwangalia anavyosalimia. Yeye alisalimia vizuri. Kiha chake kilikuwa kibovu, ila salamu yetu, "mwakeye", aliitamka kwa vikongwe akiwa ameinama, mikono miwili mbele, na alipokubali jambo kwa "ego" aliivuta kama sisi.

Uzee wenyewe hakuwa nao, nywele zilikuwa nyeusi. Tulimpa uzee kwa sababu ya kazi. Alikuwa msoma damu. Unatobolewa kidole, tone linapakwa kwenye kioo, yeye anakiingiza chini ya darubini, anafumba jicho moja na kuanza kuwasaka wadudu wa malaria. Watu walimwita daktari, naye alikataa kila siku bila kuchoka. "Mimi si daktari. Mimi ni jicho la daktari. Na jicho halitibu."

Sasa mjue tabia ya huku kwetu. Huku milimani ukiwa na homa una malaria, basi. Ukiambiwa huna, unajiona umenyimwa haki yako. Namkumbuka muuza chumvi mmoja, mteja wangu, mzaliwa wa Burundi aliyekulia Kasulu, mtu wa maneno mengi. Alitoka maabara akapitiliza hadi kwenye benchi langu alikokuwa amekaa Mzee.

"Mzee, umenitazama mimi au umemtazama mwingine? Nimetoka Uvinza natetemeka njia nzima juu ya baiskeli, unaniambia hakuna mdudu!"

"Nimetafuta. Hakuna."

"Tafuta tena. Hata mmoja tu."

"Nikuazime wa jirani yako?"

Foleni nzima ikacheka. Muuza chumvi naye akacheka, kisha akaenda dukani akanunua klorokwini akameza. Mzee alimwangalia akimeza, akatikisa kichwa. "Homa si ugonjwa," alisema. Alikuwa analisema sana neno hili. "Homa ni kelele. Kwanza uliza nani anapiga kelele."

Na hapo ndipo mtu huyu alipokuwa mgumu kumwelewa. Yeye mwenyewe alikuwa na homa, na hakuna aliyekuwa anajua ni nani anapiga kelele.

Homa yake haikuwa kama zetu. Ilikuja bila mvua wala mbu, ikakaa hata wiki tatu, ikaondoka yenyewe kama mgeni aliyechoshwa na chakula. Ikija, jicho moja lilivimba mpaka likafumba. Tumbo lilimkaza. Kisha juu ya paja ngozi iliiva, ikawa na wekundu wa kung'aa, moto ukiigusa, na ule wekundu ulitembea. Leo uko kwenye paja, keshokutwa umeshuka gotini, wiki ikiisha uko kwenye muundi. Ulikuwa unashuka taratibu, na nyama iliyo chini yake ilimuuma kama imepigwa rungu. Tumboni alikuwa na mshono mrefu wa ujanani: walimpasua wakidhani ni kidole tumbo, wakakuta salama tupu, wakamshona.

Kila homa ilipokuja alijitoboa mwenyewe. Alipaka damu yake, akafumba jicho lile moja, akatafuta. Mara nyingine jicho lililovimba lilikuwa lile la kutazamia, ikabidi atumie jingine alilosema ni zito. Hakuona mdudu hata mara moja. Damu ilikuwa safi kabisa na mwili unaungua.

Halafu alifanya nini, mtu huyu aliyewakataza watu kumeza dawa bila kupimwa? Alimeza klorokwini. Ikishindwa, alimeza kwinini mpaka masikio yakamlia. Nilimuuliza kwa nini.

"Mtangazaji, ukiwa na homa Kasulu na hutaki kumeza kitu, watu wanafikiri umekubali kufa."

Na alikuwa na jingine. Mkuu wake wa kazi hakutoa mapumziko kwa homa isiyo na mdudu. Kwa hiyo Mzee, ambaye asingemzulia muuza chumvi mdudu mmoja wa kumfurahisha, alijizulia yeye. Aliandika wadudu wapo, akaenda kulala. Alinieleza haya mwenyewe, bila aibu kubwa, huku anapuliza chai. "Wagonjwa wote siwadanganyi. Namdanganya mmoja tu, na huyo anajua."

Aliswali Ijumaa, na Jumapili kwaya ya vijana ikifanya mazoezi kanisani alisimama nje ya dirisha hadi mwisho, akaondoka akikosoa sauti ya nne. Alikuwa mpole kwa wagonjwa na mkali kwa paka. Aliogopa kuku, jamani, mtu mzima. Kuku akipita chini ya benchi alinyanyua miguu.

Mwaka ule wakimbizi walipojaa Kibondo aliazimwa kwenda kusaidia maabara ya kambi ya Nduta. Alikaa huko miezi. Homa ikamkamata huko huko, na daktari wa kambi, mama mmoja wa Kizungu, mrefu, aliyekuwa anazungumza Kifaransa na wakimbizi na Kiswahili cha kuungaunga na watumishi, akamkuta amelala kwenye sakafu ya maabara jicho limevimba. Akajiandaa kumpa dawa ya malaria. Mzee akamwambia, "Usijisumbue, mama, hakuna mdudu." Yule mama akamtazama mguu. Akauliza ule wekundu ulianzia wapi. Kisha akauliza, "Na baba yako?"

Aliporudi Kasulu alinihadithia swali hilo kama mtu anavyohadithia alivyoiona bahari mara ya kwanza. Miaka yote, hospitali zote, hakuna aliyewahi kumuuliza habari za baba yake. Baba yake alikuwa na jicho la kuvimba. Shangazi yake alikuwa na mguu unaotembea moto. Kwao walisema ni mkosi wa ukoo, wakachinja, wakafukiza, wakanyamaza.

"Mama yule anasema si mkosi. Kuna homa za ukoo. Ziko nyingi, ndugu na ndugu, na huko kwao ndiyo kwanza wanaanza kuzijua. Ya kwangu anafikiri ni mojawapo."

"Sasa mdudu wake anaitwaje?"

"Hana mdudu, Mtangazaji. Ndicho ninachokueleza."

Sikuelewa, na nilimwambia sijaelewa, maana elimu yangu ni ndogo lakini mdomo ninao. Akachukua donge la unga kwenye sinia langu. Akasema mwili umejengwa kwa vyumba vidogo mno, na kila chumba kina jiko lake. Vyumba vyenyewe alikuwa anaviona kila siku, ila yanayofanyika jikoni darubini yake haikuyafikia. Humo jikoni zinatengenezwa protini. Si zile za kula tu, mwili wenyewe unazipika za kwake, na kila moja lazima ikunjwe kwa umbo lake ndipo itoke kwenda kazini. "Kama andazi lako. Usipolikunja sawasawa, hulitii kwenye mafuta. Basi mimi kuna andazi moja ambalo maelekezo yake yalikosewa tangu kwa baba. Halikunjiki. Haliwezi kutoka, linabaki jikoni. Na jiko haliachi kupika. Yanarundikana, yanarundikana, chumba kinaelemewa, kinafadhaika."

"Halafu?"

"Halafu kinapiga yowe."

Nikakumbuka kitu cha nyumbani kwetu Titye, nikamwambia. Bibi mmoja jirani yetu alikuwa amelala alasiri, mlango wa banda la mbuzi ukaanguka, akadhani wezi. Ilikuwa miaka ya wasiwasi, watu walikuwa wanavamiwa. Akapiga yowe. Sisi ukisikia yowe huulizi. Unatoka na ulichonacho mkononi, na asiyetoka kesho yake ataulizwa alikuwa upande gani. Wanaume wakatoka mashambani na majembe na mapanga, wakapita katikati ya maharage ya bibi yaliyokuwa yanatoa maua, wakang'oa uzio wake, wakavunja na lile banda wakimtafuta mwizi. Jua lilipozama hapakuwa na mwizi na hapakuwa na maharage.

Mzee alikiweka kikombe chini. "Hiyo hiyo," alisema. "Umenielezea kuliko yule mama. Hao wanaume si wabaya. Wanafanya kazi yao. Adui hayupo, lakini maharage ni yangu."

Nilifurahi siku hiyo, sitaficha. Nilifikiri jambo likishajulikana limekwisha. Nikauliza dawa yake. Akasema zipo dawa za kuwatuliza wanaume. Yule mama alimpa vidonge kidogo vya prednisoloni, na kweli homa ilizimika kama mshumaa, lakini ukivinywa sana uso unavimba na mifupa inalika, na ukiviacha yowe linarudi. Dawa ya kurekebisha jiko haipo. "Haipo hapa?" niliuliza. "Haipo popote," alisema, akamalizia andazi.

Kisha nikauliza swali ambalo nadhani alikuwa analisubiri kwa hofu. Niliuliza kama maelekezo yakikosewa kwa baba, mtoto anapewa yapi.

"Nusu kwa nusu," alisema. "Anapewa mabovu au anapewa mazima. Mungu anafumba macho anachagua."

Alikuwa na binti mmoja, Siwema. Alikuwa anamlea peke yake. Mama yake alirudi kwao baada ya ndugu zake kusikia habari za ukoo ule, na tusimlaumu, huku kwetu kabla ya mahari watu hutumwa kuchunguza kama kuna kifafa, kama kuna ukoma, kama kuna mkono mrefu. Yeye walimchunguza baadaye. Siwema alibaki na baba, mtoto mwembamba, mkimya, fundi wa kuruka kamba. Alikuwa akija kibandani baada ya shule anakula maandazi yaliyoungua, anayapenda hayo.

Tangu Nduta, Mzee hakuwa na jambo jingine duniani. Alimtazama mtoto macho kila asubuhi, kushoto na kulia. Alimtazama miguu wakati wa kuoga mpaka mtoto alipofikia umri wa kujifungia, akabaki anauliza nje ya mlango. Siku alizokuwa mzima alisema, "Naona amepewa mazima." Alilisema mara nyingi mno, kama mtu anayegonga mlango.

Siku moja Siwema akaamka na homa. Baba yake akambeba mgongoni hadi hospitali, na hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: Mzee wa Darubini alikataa kusoma kioo. Alimwachia msaidizi wake, akaja kukaa kwangu. Nikamwekea chai ikapoa. Nikamwekea nyingine. Mtoto alikuwa amelala kwenye benchi langu amefunikwa kanga, na muuza chumvi alikuwepo.

Msaidizi akatokea mlangoni. "Wamo, Mzee! Wengi tu!"

Mzee akainuka mikono juu. "Wamo? Alhamdulillahi! Mwanangu ana malaria! Jamani, mwanangu ana malaria!"

Wanawake kwenye foleni wakaangaliana. Mmoja akasema, "Yule baba ni mzima kweli?"

"Mzee," muuza chumvi akasema, "wenzio tukiambiwa mtoto ana malaria tunalia. Wewe unacheza ngoma?"

"Nacheza, ego! Mtangazaji, wape maandazi foleni nzima!"

Sinia likaisha. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, anawashika watu mikono. Siwema alifumbua macho pale kwenye benchi, midomo imekauka, akamtazama baba yake akicheka. Nadhani siku ile ndipo alipojifunza ni ugonjwa upi unaomfurahisha baba yake, na upi asimletee.

Malaria ile ilitibiwa ikapona. Mtoto akarudi kwenye kamba zake. Lakini ya Mzee ndiyo ikaanza kuingia ndani. Yule daktari alikuwa amemwonya: yowe likipigwa miaka na miaka, damu inajaa vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya vita, na visipopata vita vinatuama kama matope, hasa kwenye figo. Kila mwisho wa mwezi Mzee alichemsha mkojo wake kwenye kineli cha kioo juu ya taa ya spiriti. Ukibaki maji matupu, heri. Asubuhi moja alikaa, akaagiza chai yake, akasema kwa sauti ile ile ya kila siku, "Leo nimepika yai, Mtangazaji."

"Na kuku unavyowaogopa?" Nilicheka. Nilidhani anatania.

Hakucheka. Mkojo ulikuwa umeganda kwenye kioo, mzito, mweupe kama ute wa yai. Protini inavuja, figo zinaachia. Baada ya hapo miguu ikaanza kuvimba, viatu vikawa haviingii, akawa anakuja na kandambili. Akaacha sukari hata kwenye maandazi, akaacha na maandazi. Alikuja akakaa tu.

Kazi ilimshinda. Akahamia Kibondo, akapanga chumba, akisema atakuwa karibu na madaktari wa kambi. Yule mama mrefu alikuwa ameshaondoka, na waliokuja baada yake walikuwa na kipindupindu na watoto wenye utapiamlo. Nani angekaa na mtu mmoja wa homa ya baba yake? Walimpa vidonge pale walipokuwa navyo. Walimwambia figo zikifika mwisho kuna mashine, iko mbali, na si kwa watu kama sisi.

Mara ya mwisho nilimwona huko Kibondo. Nilipanda lori la mihogo, nimebeba maandazi kwenye ndoo, nimepanga njia nzima maneno ya kumchangamsha. Nilimkuta kwenye mkeka, mgongo ukutani, uso umejaa, muundi wa kushoto mwekundu unang'aa. Siwema alikuwa uani anachambua maharage, tulimsikia kupitia mlango wa pazia. Alikuwa amerefuka.

Nikatangaza: "Hapa ni Kibondo, ni saa nane mchana, mgeni kutoka Kasulu amewasili akiwa amejaa vumbi."

"Hukukimbia," alisema. "Umejifunza."

Tukazungumza habari za hospitali, za paka, za muuza chumvi aliyeoa tena. Kisha akasema jambo lililokuwa limemweka hai.

"Siwema ni mzima. Miaka yote hii, jicho halijavimba, mguu haujaiva. Ile malaria tu. Amepewa mazima, Mtangazaji. Mimi nikiondoka, homa ya ukoo huu imeishia kwangu, na hilo linanitosha." Akapumua. "Ila jicho langu siliamini tena. Wewe utamtazama? Ukiona chochote, usimwambie upesi. Mwache kwanza awe mtoto. Akipata mchumba ndipo umwambie, kabla hawajamchunguza wao."

Nikasema, "Ego."

Kule uani maharage yalikuwa yamenyamaza.

Pazia likasogea. Siwema akaingia, akaacha viatu mlangoni, akakaa kwenye mkeka bega kwa bega na baba yake, akanyoosha mguu sambamba na wa baba. Hakunitazama. Alipandisha sketi ya shule taratibu hadi juu ya goti, akaushikilia upindo pale. Ngozi ilikuwa imeiva, inang'aa.

"Baba," alisema, "yako imeshafika kwenye muundi. Yangu huwa inachelewa hapa gotini. Na yako ilikuwa inachelewa?"

Mzee alitazama miguu ile miwili, jicho moja limefumba. Kisha akaunyoosha mkono, akaugusa wekundu wa mtoto kwa mgongo wa vidole.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Hapo gotini huchelewa."